Lola wa Mwalimu Ndyamukama

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita: mimi ni Alistidia, mzaliwa wa Kaagya, mke wa ndoa wa Mwalimu Ndyamukama wa Nshambya, Bukoba mjini. Ni mwalimu wa kwaya tu, si wa darasani, lakini hilo jina la Mwalimu limemganda mpaka mama yake mzazi anamwita hivyo.

Niliwaacha pale aliposhuka kwenye lori na kompyuta yake na printa yake, alivyovipata kwenye mnada kule Ngara. Wakimbizi wa vita vya jirani walikuwa wamerudi kwao, mashirika yanafunga ofisi, yanauza mpaka viti. Mwalimu alikaa huko siku nne. Nilitaka kufuatana naye, akasema lori litanichosha.

Na jambo la pili mlikumbuke, maana bila hilo mtaniona kichaa. Dada yangu Clotilda nilimwogesha kwa mikono yangu alipokuwa hawezi tena kujigeuza kitandani. Mume wake alikuwa na mke hapa, na mwanamke mwingine visiwani. Wote watatu tumewazika.

Kwa hiyo Ndyamukama aliponiposa nilimwambia wazi. Tupime damu kwanza. Tukiwa salama, ni mimi na wewe, na mwingine asiingie. Tukapima, tukawa salama, akaapa mbele ya mchungaji na mimi nikaapa.

Wanawake wengine wakiona wivu wanaogopa kunyang'anywa mume. Mimi nilikuwa naogopa kufa. Sasa endeleeni.

*

Printa ilifanya kazi siku tisa.

Mwaka ule wa tisini na saba kazi ya kuchapa mjini kwetu kwa sehemu kubwa ilikuwa ya aina moja: ratiba za mazishi. Watu walikuja sebuleni kwetu na majina kwenye vipande vya karatasi, Mwalimu anapiga herufi, printa inalia kama cherehani, na ratiba zinatoka.

Siku ya kumi karatasi ikaanza kuingia upande. Jina la marehemu linaanzia juu, linaishia chini. Mistari inapandana.

Baba mmoja wa Kashai akazishika ratiba, akazitazama muda mrefu.

"Mwalimu, marehemu wetu hakuwa mlevi. Mbona mmemwandika anapepesuka?"

Akaondoka bila kuzichukua.

Mwalimu akafungua mashine, akafunga. Akaifungua tena. Bukoba nzima hakuna aliyekuwa anaijua. Aliyeijua alikuwa mtu mmoja, Limbu, Msukuma aliyekuwa akizitengeneza printa zile kule Ngara kabla ya mnada. Na Limbu alikuwa ameshapata kazi nyingine, kwa wanunuzi wa sangara, kwenye kisiwa kimoja cha wilaya ya Muleba. Huko simu ya waya haifiki. Inafika simu ya upepo tu, ile redio ya kupokezana maneno.

Simu ya upepo ilikuwa Kashai, kwenye duka la nyavu la mzee Lwakatare. Na aliyekuwa anaiendesha ni Eufrazia, mjane, mrefu, sauti kama ya mtangazaji. Mwanamke wa namna hiyo huwa namtazama mara mbili.

Utaratibu ukawa huu. Kila siku saa tisa alasiri Mwalimu anakwenda Kashai. Anamweleza Limbu ugonjwa wa mashine. Limbu anamweleza la kufanya, yeye anaandika kwenye daftari. Anarudi Nshambya, anafungua mashine, anajaribu. Ikishindikana, kesho saa tisa anarudi tena.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba alianza kunyoa ndevu saa saba.

"Limbu atakuona kwenye simu?" nilimuuliza.

"Kuna watu pale, waitu, mke wangu. Siwezi kwenda kama mchoma mkaa."

"Na mafuta ya nywele ni ya nani? Ya Eufrazia?"

Akacheka, akachukua daftari lake, akaondoka. Mimi sikucheka.

Akirudi, anaketi na mashine yake. Anaipangusa kwa shati lake la zamani taratibu, anaitia kidole huku, anaisikiliza. Nimeishi naye miaka miwili, hajawahi kunipangusa hata jasho. Nawaambia ukweli, nilianza kuionea wivu printa.

Ningejua, ningebaki na wivu huo huo. Ulikuwa mwepesi.

*

Siku ya tano ya safari hizo za Kashai alikwenda kuoga akaacha daftari mezani.

Msinihukumu. Na ninyi mngelifungua.

Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa noti za kwaya:

"Lola imezeeka, haishiki. Lola kuoshwa kwa spiriti. Lola kutoshikwa na mikono ya mafuta. Lola mpya ipo Mwanza, Limbu ataileta. Kukutana Muleba Jumamosi. A. asijue."

Nililisoma mara tatu nimesimama. Mara ya nne nikakaa chini.

A. ni mimi. Nyumba ile haikuwa na A. mwingine.

Na Lola ni nani? Mimi nilijua Lola wawili tu katika maisha yangu, na wote walikuwa wahudumu wa baa.

Mtasema ningeshtuka na hiyo "imezeeka". Mtasema mtu hazeeki kwa "i". Ninyi mliozaliwa na Kiswahili mtasema hivyo. Sisi tulikikuta shuleni, nyumbani ni Kihaya, na hizi ngeli zenu kila mtu anazipanga anavyoweza. Nimemsikia mzee wa kanisa letu akitangaza kwamba "mke yangu inaumwa", na waumini wakaitikia pole, hakuna aliyecheka.

Kumbe ana Lola wa zamani aliyezeeka. Na Limbu ni kuwadi, anamletea mpya kutoka Mwanza. Na spiriti nikaielewa kwa namna yangu. Mjini watu walikuwa wanadanganyana kwamba mwanamke akijiosha na spiriti hakuambukizi. Mume wa Clotilda aliamini upuuzi wa namna hiyo.

Nilirudisha daftari mahali pake. Sikumuuliza. Mwanamume ukimuuliza moja kwa moja unampa nafasi ya kupanga jibu. Nilingoja mpaka ameshika tonge la ndizi.

"Lola hajambo?" nikamuuliza.

Tonge likasimama.

"Nani kakwambia habari za Lola?"

"Nimesikia."

"Ah." Akatafuna. "Imechoka sana. Inateleza tu. Limbu anasema nisihangaike nayo, nitafute nyingine."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilitaka niendelee nayo kidogo. Lakini Limbu ni mtaalamu, ameshazishika nyingi."

Wasomaji wangu, nilimtazama yule mwanamume akimeza ndizi zangu. Anamzungumzia binadamu mwenzake kama kiti. Tena mbele yangu. Tena anaongeza mchuzi.

Nilikwenda jikoni nikalia juu ya sufuria.

*

Asubuhi akaja Bernadeta, jirani yangu anayeuza samaki Kashai.

"Alistidia, mwenzangu, kaa chini."

"Nimekaa."

"Unajua simu ya upepo haina siri? Anayesema hapa anasikika visiwa vyote. Sisi tunakaa pale dukani kungoja habari za mitumbwi, tunasikia kila kitu. Mumeo anaagiza Lola."

"Najua."

"Unajua?" Akasikitika kidogo, alitaka awe wa kwanza. "Na jana Limbu amemwambia kwamba Lola mpya ni laini, haijaguswa na mtu. Mke wa Magesa, tunayekaa naye pale, alitema mate. Sasa unafanyaje?"

"Leo saa tisa nitakuwepo."

"Nikushikie nafasi mbele?"

Bernadeta anapenda msiba wa mwenzake, lakini nafasi alinishikia kweli.

Mchana Mwalimu alinyoa, akapaka mafuta, akaniaga. Nilihesabu mpaka mia mbili, nikajifunga kanga, nikapita njia ya nyuma.

Duka la Lwakatare lilijaa nyavu mpaka darini. Nyuma kwenye kona kulikuwa na meza, juu yake ile simu, na maiki yenye waya uliojikunja. Benchi lilikuwa na wanawake saba au wanane wanaongoja zamu. Nilijibanza nyuma ya nyavu za bluu. Mwalimu alikuwa amenipa mgongo, amekwisha kushika maiki.

"Limbu, Limbu, Mwalimu hapa. Jana nimeiosha Lola kama ulivyosema. Bado inateleza. Ova."

Ile simu ikakoroma, kisha ikatoka sauti ya mwanamume mchangamfu.

"Mwalimu, nilikwambia! Hiyo lola yako imezeeka! Imeshapitiwa na ofisi nzima huko Ngala! Unaing'ang'ania ya nini? Ova."

Wanawake kwenye benchi wakaangaliana.

"Nimeizoea, Limbu. Hakuna dawa nyingine? Ova."

"Unaweza kuisugua na msasa kidogo, itashika siku mbili tatu. Lakini ngoja Jumamosi, lafiki yangu. Nakuletea lola mpya, bado imefungwa kwenye kalatasi yake. Utanishukulu mwenyewe. Ova."

Kumsugua mtu na msasa! Hapo ndipo macho yangu yalipoingia giza.

Sikumbuki nilivyozipita nyavu. Nakumbuka maiki iko mkononi mwangu na Mwalimu amebaki ameshika hewa.

"Wewe Limbu!" nikapiga kelele. "Kuwadi mkubwa! Mimi ndiye mke wake wa ndoa! Ya kanisani, yenye cheti! Huyo Lola wako mpya mpelekee baba yako! Mnafikiri sijui? Spiriti! Msasa! Mtu unamsugua na msasa?"

"Alistidia," Mwalimu akasema.

"Nyamaza! Mimi na huyu tulipima damu! Tulikuwa wazima wote wawili! Mnataka mniletee nini nyumbani? Mlimmaliza na dada yangu! Clotilda mliambiwa vidonda vya tumbo. Havikuwa vidonda vya tumbo! Alikuwa na ugonjwa huu huu, na aliletewa na mumewe kutoka kwenye hivyo visiwa vyenu!"

Niliposema hivyo nikasikia mwenyewe nilichosema.

Mama yetu kule Kaagya alikuwa amewaambia watu vidonda vya tumbo miaka mitatu. Kwenye mazishi, vidonda vya tumbo. Kwa mchungaji, vidonda vya tumbo. Na mimi nimemtangaza mtoto wake ziwa zima saa tisa mchana, kwa hasira ya mwanamke nisiyemwona.

Nikangoja Limbu ajibu. Hakujibu. Nikapiga kelele tena, "Jibu! Mbona hujibu?" Kimya. Nikaona kimya kile ni kiburi, nikamtukana upya.

Eufrazia akainuka, akanishika mkono bila hasira.

"Mama, achia hicho kidude. Ukikibana wewe ndiye unayesema, yeye hawezi kusema. Umekibana tangu uanze."

Akaninyoosha kidole gumba mwenyewe. Ukutani juu ya meza waliandika kwa rangi nyekundu, na mimi ndiyo kwanza naona: BONYEZA, SEMA, ACHIA.

Simu ikakoroma.

"...nasema shemeji, shikamoo. Punguza hasila. Lola si mtu. Lola ni ule mchi wa mpila ndani ya plinta, unaovuta kalatasi. Ukiwa mkavu kalatasi inateleza, inakwenda upande. Ndiyo tunaisugua na msasa, ishike. Pole sana shemeji. Ova."

Bernadeta akarudia polepole, "Mchi wa mpira?"

Kisha Eufrazia akapiga kofi mezani.

"Rola! Anasema rola! Msukuma na R hawajawahi kusalimiana!"

Mambo yakaharibika pale. Benchi lote lilicheka mpaka mama mmoja akaanguka kwenye nyavu, wakamfungua na yeye bado anacheka. Bernadeta alikuwa anajipangusa machozi. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Mume wangu hana mwanamke. Mume wangu ana mchi wa mpira.

Mwalimu alicheka wa mwisho.

"Ungeniuliza tu," akasema.

"Nilikuuliza kwenye ndizi."

"Nikakujibu!"

"Ndiyo. Lakini Mwalimu, mbona umeandika A. asijue?"

Akakuna sikio. Ana masikio makubwa yaliyotoka nje, kwenye kwaya watoto wanayatania.

"Nilitaka nikushtukize. Nirudi nayo Jumamosi, niichape ratiba imenyooka, ufurahi."

Nikamwamini. Naomba mjue kwamba nilimwamini kabisa, na kwamba nilijisikia mpumbavu na mwenye bahati kwa pamoja. Nilikuwa nimeshapanga moyoni nitakavyokwenda Kaagya kumwangukia mama kwa ajili ya Clotilda. Nilikuwa nimeshapanga na chakula cha jioni.

"Muombe radhi Limbu," Eufrazia akaniambia. "Umemtukania wazazi."

Nikachukua maiki kwa adabu. Nikabonyeza.

"Limbu ndugu yangu, nisamehe. Nilichanganyikiwa. Ova."

Nikaachia. Benchi likanipigia makofi kwa ile ova.

"Hakuna neno, shemeji Penina," Limbu akasema. "Wivu ni mapenzi. Na mtoto anaendeleaje na ile homa? Ova."

*

Sina mtoto, wasomaji wangu. Miaka miwili ya ndoa, na kila mwezi nalia peke yangu. Na jina langu mnalijua.

Makofi yalikatika moja moja. Wa mwisho kuacha alikuwa Bernadeta.

"Amechanganya watu," Mwalimu akasema haraka. Akanyoosha mkono. "Lete hapa. Huyu anaongea na wengi, amechanganya."

Eufrazia akaweka mkono wake mrefu kati yetu.

"Zamu yako imekwisha, Mwalimu. Anayeongea ni mama."

Ajabu, sikuona giza safari hii. Niliona kila kitu wazi, mpaka vumbi kwenye nyavu. Hasira ilikuwa imekwisha kutumika kwenye mchi wa mpira, nikabaki na akili peke yake. Nikabonyeza.

"Anaendelea vizuri, Limbu. Amepoa. Ova."

"Mungu ni mwema! Nilimwonea huluma siku ya mnada. Safali yote ile ya loli, mtoto mgongoni, na wewe hujalalamika hata kidogo. Nikamwambia Mwalimu, una mke mvumilivu. Ova."

Lori litanichosha, aliniambia.

"Asante, Limbu. Na mtoto ulisema amefanana na nani vile? Ova."

"Si Mwalimu mtupu! Yale masikio ukiyaona gizani unayajua! Ova."

Watu wote pale dukani waligeuka kumtazama Mwalimu masikio. Yeye akajaribu kuyafunika, akakumbuka, akashusha mikono.

"Alistidia," akasema chinichini, "nitakueleza nyumbani."

"Nieleze hapa. Ova."

Akakaa juu ya rundo la nyavu. Nikabonyeza tena.

"Limbu, na Jumamosi hiyo rola utaileta wapi? Ova."

"Kwako kule Muleba, shemeji, kama tulivyopanga. Tena Mwalimu ameniahidi senene zako. Anasema tangu azaliwe hajala senene zilizokaangwa kama zako. Ova."

Kwa mtu wa kwetu hakuna haja ya kueleza, lakini wengine mnasoma mkiwa mbali. Mke wa Kihaya anaokota senene, panzi wa msimu wa mvua, anazichambua, anazikaanga, anamwandalia mume wake. Mume akizila, anamnunulia mke wake nguo. Ndivyo anavyosema mbele ya watu kwamba huyu ni mke wangu.

Misimu miwili nimemwandalia Ndyamukama senene. Misimu miwili ameweka sahani pembeni na kuniambia zinamvuruga tumbo. Nilimwonea huruma. Nilimchemshia maji ya tangawizi.

Kumbe tumbo lake lilikuwa linachagua mkono.

Hilo liliniuma kuliko mtoto. Najua haifai kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwona huyo Penina nisiyemjua amevaa kanga mpya anazunguka nazo Muleba, na mimi nimejifunga hii hii ya harusi iliyopauka. Nilitamani kumkwangua uso. Nilitamani pia kujua anatia chumvi kiasi gani.

"Ni nani?" nikamuuliza Mwalimu.

Alikuwa amekaa juu ya rundo la nyavu, daftari lake limeanguka chini.

"Ni mtu wa zamani," akasema. "Kabla yako."

"Mtoto ana umri gani?"

"Bado hajatembea," akasema. Sikuhitaji kuhesabu sana. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka ule hakupatikana kabla yangu. Alipatikana ndani ya kiapo changu, baada ya ile sindano ya kupima, wakati mimi nalala usingizi nikijua niko salama.

Bernadeta alikuja akasimama karibu nami.

Simu ikakoroma. Haikuwa sauti ya Limbu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, imechoka, Kiswahili chake cha kwetu kabisa.

"Eufrazia waitu, Muleba hapa. Naomba nafasi. Ova."

Eufrazia hakuuliza ni nani. Alifumba macho. Nikajua kwamba ile sauti anaifahamu, na kwamba si leo ameanza kuifahamu.

Akainama kwenye maiki nikiwa nimeishika mimi. Nikabonyeza, yeye akasema.

"Muleba, sema. Ova."

"Nimesikia yote tangu mwanzo," yule mwanamke akasema. "Penina ni mimi. Wewe dada, sikujui, na leo sina nguvu ya kugombana na mtu. Ungekuwa umekuja siku nyingine tungegombana vizuri." Akakohoa. "Kama Mwalimu yuko hapo, mwambieni majibu yametoka. Yangu na ya mtoto. Aje leo hii, asingoje Jumamosi. Ova."

Pale dukani hakuna aliyeuliza majibu ya nini. Mwaka ule, Kagera, swali hilo halikuwepo.

Mama aliyekuwa ameanguka kwenye nyavu akajifunika mdomo kwa upande wa kanga. Ziwa zima lilikuwa linaningoja mimi, maana ova ilikuwa imeshasemwa.

Mwalimu akainuka kutoka kwenye nyavu.

"Alistidia," akasema. "Nakuomba kwa jina la Mungu. Chochote unachotaka nitakupa. Usimuulize."

Nikamtazama mume wangu, niliyelala naye kitanda kimoja usiku wa jana.

Nikabonyeza.